Kujaza mafuta helikopta mapanga yakizunguka: nijihadhari na nini hasa?

Swali: "Habari kaka. Mi ni msichana wa Kilifi, nilikuja Marekani na grin kadi nikaingia jeshini, kazi niliyopewa ni ya mafuta, ile wanayoita 92F. Nimemaliza mafunzo kule Virginia, sasa napelekwa Fort Campbell kwenye kikosi cha helikopta. Wenzangu wananiambia huko watu wanajaza mafuta injini ikinguruma na mapanga yakizunguka. Mamangu tangu asikie hivyo hapati usingizi, anasema nitaungua. Kweli simu au cheche ndogo inaweza kulipua? Na nijihadhari na nini?"

Dada, kwanza hongera, hiyo kazi ni nzuri na inaheshimika sana kwenye vikosi vya anga hata kama watu hawaisemi, maana bila nyinyi hakuna helikopta inayokwenda popote. Pili, walokwambia hawakukudanganya. Kujaza injini ikiwaka ni kazi ya kila siku, Black Hawk inashuka, inajazwa, inaondoka, rubani hajazima kitu. Utaifanya mchana, utaifanya usiku wa giza totoro, utaifanya kwenye mvua.

Lakini nataka nikupange upya hofu yako kidogo. We na mamako mnaogopa moto. Moto upo, nitaufikia, ila kwa mimi moto ni wa tatu. Cha kwanza ni mapanga na mwendo wa chombo chenyewe pale chini. Cha pili ni mafuta mabaya, haya hayakudhuru we, yanaenda kuua watu ulowajazia wakiwa juu na we ushalala. Nimefundisha vijana wengi kazi hii na nimeona tatizo lile lile, mtu akiogopa moto macho yake yote yanakuwa kwenye nozeli, ule mdomo wa mpira wa mafuta, anavuta mpira anarudi kinyumenyume, hajui mkia uko wapi.

Basi tuanze na hapo. Black Hawk haifuatwi kutoka nyuma, hata siku moja, panga la mkiani likizunguka kwa kasi halionekani kabisa na usiku ndo usiseme. Unaingia kutoka ubavuni, saa tatu au saa tisa kama pua ya helikopta ni saa kumi na mbili, na huingii mpaka walio ndani wakuone na wakupe ishara. Mbele nako kuna shida yake, rota kubwa ya Black Hawk, yale mapanga ya juu, imeinamia mbele, kwa hiyo mapanga yanashuka zaidi upande wa pua. Chinook, ile helikopta yenye rota mbili, ni vivyo hivyo, rota ya mbele iko chini kuliko ya nyuma, mtu mrefu anayetoka mbele anajitafutia makubwa. Na kama uwanja una mteremko unaingia kutoka upande wa bondeni, ukitokea upande wa kilima kichwa chako kinakuwa karibu na mapanga.

Kuna kitu watu hawakijui, mapanga yanayozunguka polepole yanatisha kuliko ya kasi. Yakiwa na kasi yamenyooka, yako pale pale. Helikopta ikizimwa au ndo inawashwa yanalegea, upepo ukipiga ghafla panga linashuka na huwezi kujua litashuka kiasi gani. Kwa hiyo ukiona yanapungua usikimbilie kusema "haya imezimwa twende". Ngoja. Kama una ndugu KDF, jeshi letu la Kenya, anayeshughulika na zile helikopta za Huey muulize, atakwambia hayo hayo, Huey ina mapanga mawili tu marefu na yanayumba sana yakikosa kasi.

Sasa mwendo wa chombo. Kuna kisa kila mtu wa kazi yetu anatakiwa akijue vizuri, si kwa kukariri tarehe, kwa kuelewa kilichotokea pale chini. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 1980, jangwani Iran, Wamarekani walikwenda kuokoa mateka waliokuwa Tehran. Helikopta nane za RH-53D ziliruka kutoka meli ya Nimitz, zikafika sita mahali pa kujazia mafuta, ambapo ndege za EC-130 zilikuwa zimetua na mafuta ndani ya matangi ya mpira. Moja kati ya hizo sita ikawa na ubovu wa haidroliki, zikabaki tano, na mpango ulitaka zisipungue sita, wakaamua kurudi. Hapo hakuna aliyepigwa risasi, hakuna adui. Helikopta moja ikatakiwa isogezwe kutoka nyuma ya EC-130 na tairi lake la mbele lilikuwa limeisha upepo, haikuweza kubiringika, ikabidi inyanyuke kidogo isogee ikielea. Vumbi likajaa, rubani haoni chochote isipokuwa yule mtu wa chini anayemwongoza. Yule mtu akapigwa na vumbi akarudi nyuma kujikinga. Rubani alimfanya yeye ndo alama yake, alipomwona anakuwa mbali akadhani ni helikopta inayorudi nyuma, akasukuma mbele kurekebisha. Mapanga yakaingia kwenye mkia wa EC-130, helikopta ikaanguka juu ya ndege iliyojaa mafuta. Wakafa watu wanane, watano wa ndege na watatu wa helikopta.

Mtu amerudi nyuma hatua chache kukwepa mchanga, basi.

Ndo maana nakwambia siku utakapopewa zile taa mbili za mkononi uongoze helikopta, we si mapambo pale. Kwenye vumbi we ndo ukuta, we ndo ardhi ya rubani. Chagua pa kusimama kabla hajafika, pawe mahali utaweza kuvumilia upepo wake, vaa miwani inayofunga vizuri, na ukiona hutaweza kukaa usitembee, pishanisha mikono utoe ishara ya kusimama. Rubani akisimama hakuna aliyeumia. Na ishara ya kusimama haina cheo, private wa jana anaweza kumsimamisha kanali na hakuna wa kumuuliza. Ukifika kikosini ukakuta wanaotaka kukuuliza, hicho kikosi kina ugonjwa, mwambie sajini wako.

Chinook ikishuka usidharau upepo wake. Kokoto zinaruka, vifuniko vya ndoo vinaruka, turubai ambalo halikufungwa linapaa na kuingia kwenye rota. Ile kofia ya kitambaa mnayovaa ivue uitie mfukoni kabla hujakanyaga eneo, injini inavuta kila kitu. Asubuhi mtapangwa mstari kutembea uwanjani mkiokota vitu, skrubu, kipande cha waya, karatasi ya chokoleti. Ifanye kwa moyo.

Haya, la pili, mafuta yenyewe, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kazi yako hasa na ndo watu wanaichukulia kirahisi.

Mtakayotumia ni JP-8, au kule kule Marekani Jet A iliyowekwa viungo vya kijeshi. JP-8 kimsingi ni ile ile Jet A-1 inayojazwa ndege pale Moi Mombasa, imeongezwa dawa tatu, moja ya kuzuia kutu na kulainisha pampu, moja ya kuzuia maji yasigande barafu, moja ya kusaidia umeme tuli upotee haraka. Adui wake mkubwa ni maji. Yanaingia kwa unyevu wa hewa ndani ya tangi lililoachwa nusu, na Kentucky wakati wa joto hewa ni nzito kama ya pwani yetu kwa hiyo tangi lisikae nusu usiku kucha bila sababu. Maji yakikaa chini ya mafuta kuna vijidudu vinaota pale mpakani, vinatengeneza utelezi unaoziba filta. Na helikopta ikipanda kwenye baridi maji yanaganda. Rubani hana namna ya kujua hayo, yeye anaona geji imejaa.

Kwa hiyo asubuhi kabla ya helikopta yoyote, unazungusha mafuta kutoka tenka yapite kwenye filta yarudi kwenye tenka, halafu unachukua sampuli kwenye chupa safi ya kioo. Inua kwenye mwanga. Yawe maangavu, huoni wingu, huoni kitu kinaelea. Zungusha chupa mkononi mpaka mafuta yafanye kizunguzungu katikati, uchafu na matone ya maji yatajikusanya chini pale kati, ndo utayaona. Yakiwa na ukungu usiyatupe wala usiyapitishe, weka chupa chini usubiri uangalie ukungu unaondokea wapi. Ukianza kung'aa chini ukipanda juu, hiyo ilikuwa hewa tu, viputo vinapanda. Ukianza kung'aa juu ukishuka chini, hayo ni maji yanazama. Mtu asiyejua hili anaweza kukataa mafuta mazuri, au ubaya zaidi, akayakubali ya maji kwa vile "baadaye yalikuwa masafi". Halafu kuna kile kipimo cha Aqua-Glo, karatasi yenye dawa unaipitishia mafuta unaiangalia kwa taa maalumu, kikomo ni sehemu 10 za maji kwa milioni. Ikizidi, hujazi, hata kama helikopta ziko hewani zinakuja.

Na ile geji ya presha ya filta, ile inayopima tofauti kati ya kuingia na kutoka. Kila mtu anajua ikipanda sana filta imeziba. Wachache wanashtuka ikishuka. Jana ilikuwa juu, leo ghafla imeshuka na hakuna aliyebadilisha filta, vijana wanafurahi wanasema imejisafisha. Filta haijisafishi jamani. Imepasuka ndani, na sasa kila uchafu unapita bure kwenda kwa injini. Andika namba ya geji kila siku, usimsainie mtu namba ambayo hukuiona na macho yako.

Kama unadhani natia chumvi, angalia kilichotokea Florida, uwanja wa Punta Gorda, Mei 2019. Si jeshi, ni ndege ndogo za jeti za kiraia. Mtu wa mafuta alichanganya majimaji mawili, ile dawa ya kuzuia barafu na ile dawa ya kusafishia moshi wa malori ya dizeli, zote zinaonekana kama maji, akatia ile ya malori kwenye kitangi cha dawa cha lori la mafuta. Ndege mbili zikajazwa zikaruka. Ikafanya chembechembe kama chumvi zikaziba filta za mafuta, moja ikazimika injini moja, nyingine zikazima zote mbili hewani, ikatua Savannah bila injini. Mungu akasaidia wote wakawa hai. Pale uwanjani ndege ziliondoka salama, ubaya ukaonekana zikiwa juu. Kwa hiyo kila pipa na kila dumu lisome, usiamini rangi wala mahali lilipowekwa.

Sasa moto.

JP-8 haiwaki kirahisi kama petroli. Zamani walitumia JP-4 ambayo mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali, wakaiacha kwa sababu hiyo hasa. JP-8 inahitaji ifike nyuzi 38 hivi za Selsiasi ndo mvuke wake uweze kushika cheche. Kentucky siku nyingi uko chini ya hapo. Lakini wengi wanaopita Campbell mwishowe wanapelekwa Kuwait, Camp Buehring, na kule kiangazi jua linapita 45, tenka limekaa juani kutwa. Hapo mafuta yako tayari yako juu ya ile nyuzi. Mtu aliyezoea ubaridi wa Kentucky akaenda na mazoea yale yale Kuwait ndo anayenitia wasiwasi.

Cheche inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye umeme tuli, kuliko simu. Mafuta yakipita kwa kasi kwenye filta na mpira yanabeba umeme, helikopta nayo inakusanya umeme kwa mapanga kusugua hewa na vumbi. Vitu viwili vyenye umeme tofauti vikigusana panaruka cheche, na ukifanya vibaya panaruka pale pale kwenye mdomo wa tangi ambapo mvuke upo. Dawa yake ni ule waya mfupi wa bondi kwenye nozeli, unaosawazisha umeme wa pande mbili. Unauchomeka kwenye mwili wa helikopta KWANZA, ndo unafungua kifuniko. Ukimaliza unafunga kifuniko KWANZA, ndo unachomoa waya. Ukigeuza mpangilio umeleta cheche kwenye mdomo ulio wazi, na siku nyingi haitatokea kitu, ndo ubaya wake, mtu anageuza mara nyingi anaona sawa tu anazoea.

Nozeli nazo si sawa. Ile ya CCR mtakayotumia sana inashika kwenye helikopta ndo mafuta yatoke, ikichomoka inajifunga, kama rigyuleta ya mtungi wa gesi wa jikoni. Mvuke hautoki nje, ndo maana wanaruhusu injini iwake. Ile D-1 ya presha nayo inafunga hivyo hivyo. Lakini ile ya mdomo wazi kama ya petroli stesheni, kwa kawaida ni injini imezimwa, injini ikiwaka ni vitani au mazoezi ya lazima na kwa ruhusa ya mkubwa. Mtu akikwambia "tuitumie tu tumechelewa" we uliza nani ameruhusu.

Tenka la HEMTT, lile lori kubwa la jeshi, linabeba galoni 2,500, Black Hawk inachukua kama 360, kwa hiyo zikija tupu hazifiki saba umeshamaliza tenka, na kazi ikichangamka utajikuta unakimbia. Usikimbie. Abiria washuke wasogee mbali, silaha za helikopta ziwe zimefungwa salama na usikatize mbele ya hizo silaha, mtu mmoja asimame na mtungi wa kuzimia moto akiwa tayari kuchomoa pini, na mtu wa pampu asiondoke kwenye pampu hata kwenda kukojoa. Tenka lielekee nje ili likibidi liondoke mbele bila kurudi rivasi. Radi ikikaribia, maili tano ndo kiwango kinachotumika sana, mnafunga.

Simu: iache kwenye gari. Kusema kweli uwezekano wa simu kulipua ni mdogo sana, ila mtu mwenye simu anaangalia simu, na pale huwezi kuangalia vitu viwili.

Nguo: mikono ishushwe, ndani vaa pamba, nailoni hapana, inakusanya umeme na ikishika moto inaganda kwenye ngozi. Na hili lishike sana. Ukimwagikiwa na mafuta mwili mzima akili itakwambia vua haraka. Usivue pale. Kuvua nguo zilizolowa mafuta bila kuzilowesha maji kwanza ndo kunaleta cheche juu ya mwili wako mwenyewe. Toka eneo la kujazia, jimwagie maji nguo zilowe kabisa, ndo uvue. Kama hakuna maji, shika kwa mikono miwili kitu kilichofungwa ardhini, ile nondo ya chuma waliyopigilia, ndo uvue. Halafu sabuni na maji mengi, mafuta haya yanakausha ngozi yanaleta vipele. Na usivute mafuta kwa mdomo kwenye mpira, hata kama umewaona wazee wakifanya hivyo nyumbani.

Masikio yako yalinde kuanzia siku ya kwanza, vizibo ndani na kofia ngumu ya kufunika masikio juu yake, vyote viwili. Masikio yakienda hayarudi.

Pia utaitwa kusaidia kuvuta helikopta kwa tagi, lile gari dogo la kuvutia, kuiingiza hanga, mafundi wakipungukiwa watu. Mtu mmoja ndani kwenye breki, mmoja kila upande akiangalia ncha za mapanga, mmoja mkiani, na kila mmoja awe na filimbi, mwendo wa mtu anayetembea. Kabla ya kuondoka uliza kama kufuli la gurudumu la mkia limefunguliwa, Black Hawk ikivutwa na gurudumu limefungwa inavunjika kitu cha pesa nyingi. Ukiona mafuta mekundu yanachuruzika kwenye paipu usiyaguse kwa kidole kutafuta tundu, hayo ni ya haidroliki, presha yake inaweza kuingia ndani ya ngozi. Mwite kruu chifu, fundi anayeisimamia helikopta hiyo.

Wiki ya kwanza, kabla hujagusa nozeli, omba uonyeshwe vitu hivi kwa mkono si kwa maneno: kufunga mafuta kwa dharura kunafanyikia wapi kwenye tenka, mitungi ya moto iko wapi na mara ya mwisho ilikaguliwa lini, daftari la geji ya filta, na maji ya kujimwagia yako umbali gani kutoka pale utakaposimama. Kama maji hayapo, omba yaletwe madumu mawili yawekwe pembeni, hakuna sajini atakayekukatalia hilo.